Ukitaka biashara za kijijini zikue, cherehani isubiri kwanza

Kila mwaka mvua zikishakatika na magunia yakianza kutoka mashambani, simu yangu haipumziki. Wanaopiga ni watoto wa kijiji hiki walioko Dar, Mwanza, wengine hapo Dodoma mjini tu. Salamu zikiisha, swali huwa lile lile: "Mama, huku tumechangishana, tunataka kuinua biashara za akina mama nyumbani. Tulete cherehani ngapi?" Nami huwajibu kwamba kwa sasa wasilete hata moja. Cherehani zilizoletwa hapa kwa mtindo huo, nyingi zimeishia kuwa meza za kuwekea redio.

Nina duka la rejareja upande wa Mvumi, wilaya ya Chamwino, na kwa miaka mingi nimekuwa mwezeshaji wa vikundi vya kuweka na kukopa. Haya namwandikia mtu anayetaka biashara za wenzake zikue: mtoto wa kijiji aliyeko mjini, mwalimu aliyehamishiwa huku, katekista, mtendaji mpya. Mwenye biashara naye asome, hatapungukiwa.

Hesabu kinachotoka na kinachoingia

Chukua daftari, ukae siku nzima pale magari yanapopakia. Andika pande mbili. Upande mmoja uweke kinachopakiwa: alizeti, mtama, karanga, ubuyu kwenye viroba, kuku kwenye matenga, mbuzi. Upande wa pili uweke kinachoshushwa: sabuni, mafuta ya kula, unga wa ngano, sukari, sare za shule, mabati, na mayai. Ndiyo, mayai, katika kijiji chenye kuku kila ua. Siku ya mnada rudia tena, maana mnada una hesabu zake.

Kisha tafuta kitu kinachoonekana pande zote mbili. Kwetu alizeti huondoka ndani ya magunia mwezi wa sita, halafu mwezi wa kumi na mbili inarudi dukani kwangu ikiwa ndani ya chupa, na anayeinunua ni yule yule aliyeilima. Mimi nakula katika safari hiyo, sikatai. Lakini palipo na safari ya namna hiyo ndipo pa kuanzia kuangalia.

Baada ya hapo pita kwa wenye maduka, magenge na mama lishe. Waulize bidhaa gani huwaishia mapema, watu huulizia nini wasikipate, na nani wanamdai. Hilo la madeni usiliulize siku ya kwanza.

Na usianze kuuliza kabla hujafika kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa wazee. Ukiwakuta wamekaa, wasalimie "Mbukwenyi" hata kama Kigogo chako kinaishia hapo. Kuna kijana alikuja na fomu zake, akamkuta mzee jirani yangu barazani.

"Shikamoo babu. Nimekuja kuandikisha biashara za hapa."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sisi hapa ni wakulima tu, biashara hatuna."

Wakati huo huo mkewe alikuwa nyuma ya nyumba anachuja pombe ya mtama ya kuuza, na binti yao anapanga mafungu ya nyanya kwenye turubai. Mzee hakuwa mwongo. Mtu mwenye fomu anayetaka kukuandikisha, akili inakwenda moja kwa moja kwenye ushuru. Kijana angenunua fungu la nyanya kwanza, angeambiwa mengi.

Ukimaliza kuzunguka, karibu kila mara utagundua kwamba wenye biashara tayari wapo, ila wamekwama mahali. Anayekaanga maandazi amekwama kwenye kuni. Mwenye mashine ya kusaga amekwama kwenye dizeli. Anza na hao. Aliyeuza maandazi miaka mitano bila msaada wa mtu ameshaonyesha kwamba anaweza kuuza. Kumwanzishia biashara mpya mtu asiyewahi kuuza hata karanga, kwa sababu tu ni maskini kuliko wenzake, ni kumwongezea deni. Wa namna hiyo wana njia nyingine za kusaidiwa, TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, ikiwemo.

Kalenda ya pesa

Hapa ndipo wageni wengi wanapoanguka, kwa hiyo vumilia nikae kidogo.

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua. Hatuna vuli na masika kama wenzetu wa Pwani au Kilimanjaro. Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, hukata Aprili, na katikati hapo inaweza kupotea wiki kadhaa bila kuaga. Pesa nazo zina msimu mmoja. Zinaanza kuonekana Mei, zinajaa Juni hadi Agosti, zinapungua Oktoba. Januari hadi Machi ni kipindi cha njaa: ghala limeisha, shamba linataka palizi, ada na madaftari vimeshachukua kilichobaki. Wanaolima zabibu wana afadhali kidogo, maana Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mwenye shamba la zabibu huwa na senti wakati jirani yake hana.

Sasa chukua mkopo wa marejesho ya kila wiki, umpe muuza nguo za mitumba mwezi wa kumi na mbili. Atauza vizuri mpaka sikukuu. Ikifika wiki ya pili ya Januari hakuna anayenunua gauni, na marejesho hayajui kwamba ni Januari. Ataanza kula mtaji, kisha atauza mbuzi, kisha atamkimbia anayemdai. Watu watasema hana uaminifu.

Kwa hiyo kabla ya kumpa mtu yeyote shilingi, kaa naye mchore miezi kumi na miwili kwenye karatasi: mwezi gani anauza, mwezi gani ananunua mali, mwezi gani hana kitu. Fundi anayeshona sare za shule anauza Januari na Julai shule zinapofunguliwa, kwa hiyo vitambaa avipate Oktoba, ashone Novemba akiwa hana msongamano. Mfuga kuku anaangalia Krismasi na Idi, akihesabu miezi kurudi nyuma hadi siku ya kulalisha mayai. Wafyatua matofali ya kuchoma hufanya kazi kiangazi tu, wakati ardhi ni kavu na watu wana pesa za kujenga. Anayenunua alizeti ya kukamua anataka fedha Mei na Juni. Ukimletea Septemba, alizeti imeshapanda bei na yeye ameshakopa kwa mlanguzi.

Marejesho yafuate mchoro huo. Makubwa Juni hadi Septemba, madogo au hakuna kabisa Januari hadi Machi. Ukikuta mkopeshaji asiyekubali kupanga hivyo, si mkopeshaji wa Dodoma huyo.

Sanduku

Pesa ya kwanza ya kukuzia biashara iko kijijini tayari, imefichwa kwenye vibubu na pindo za khanga. Kikundi cha hisa ndicho kinachoikusanya. Ukikuta kipo, kiimarishe. Kama hakipo, saidia kiundwe, ila usikiunde wewe. Watu kumi na watano hadi thelathini wachaguane wenyewe, kwa sababu wao ndio wanaomjua nani hulipa na nani huhama usiku.

Kinavyokwenda ni hivi. Wanakutana kila wiki, siku na saa ile ile. Kila mmoja ananunua hisa, kuanzia moja hadi tano, kwa bei waliyokubaliana wao. Ikiwa hisa ni shilingi 1,000, basi aliye na kidogo huweka 1,000 na aliyebarikiwa wiki hiyo huweka 5,000. Pembeni kuna mfuko wa jamii wa misiba na magonjwa, ambao hauguswi kwa mikopo. Mwanachama anakopa hadi mara tatu ya hisa zake, akirudisha na riba ndogo ambayo mwisho wa mzunguko inagawanywa kwa wote. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo wanashika watu watatu tofauti, wala asiwemo anayelala na sanduku. Hesabu husomwa kwa sauti mbele ya wote, na wasiojua kusoma wanakariri kiasi cha mwisho kichwani. Nakuhakikishia hao ndio wanaokamata makosa.

Vikundi vya aina hii vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na usajili wake unapitia halmashauri. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi kisichosajiliwa kinaweza kuishi miaka, lakini siku likitokea jambo, mna daftari tu mkononi.

Kuna mambo mawili nayashikilia hata wenzangu wakinuna. La kwanza ni mwezi wa kuvunja na kugawana. Wengi wanapenda Desemba, wapate pilau na nguo za watoto. Mimi navisukuma vikundi vyangu vivunje Oktoba au mapema Novemba, kabla mvua haijaanza, ili pesa ikute bei za mbegu na kulimisha trekta, na wenye maduka wakajaze mali kabla barabara hazijaharibika. Pilau itapatikana.

La pili ni pesa ya mfadhili. Usiingize pesa yako ndani ya sanduku. Watu wanamwogopa jirani aliyeweka hisa zake humo, hawamwogopi wewe uliyeko Dar. Siku pesa ya nje inapoingia, mtu akichelewesha rejesho wenzake wanamtetea: "Si ya mfadhili hiyo?" Ukitaka kusaidia kikundi, wanunulie sanduku lenyewe, kalamu, vitabu vya hisa na mihuri, basi.

Mikopo ya halmashauri na ile ya kausha damu

Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya, kwa hiyo mtu akikwambia "ile ilikufa", mwambie ilifufuka. Kinachovikwamisha vikundi vya kijijini huwa ni karatasi: katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, akaunti ya benki, andiko la mradi. Hapo ndipo mtu wa mjini ana kazi ya kufanya. Simu yako ina Kiswahili cha ofisini, una printa kazini, unajua andiko linavyopangwa. Jioni mbili za kuandika na nauli ya viongozi watatu kwenda benki zinaweza kuwafaa kuliko mchango wenu wote.

Kausha damu, yaani mikopo ya riba kali inayomkamua mkopaji, unaijua kwa dalili. Marejesho ni ya kila siku au kila wiki kuanzia wiki ya kwanza. Wanashika kadi ya benki, kitambulisho au hati ya kiwanja. Mkataba husomewi, unaonyeshwa tu pa kutia dole gumba. Kwa sheria hiyo hiyo ya 2018, kampuni au mtu anayekopesha kama biashara lazima awe na leseni ya Benki Kuu. Mwambie mama aombe kuiona leseni hiyo na aondoke na nakala ya mkataba, iwe ya Kiswahili. Akinyimwa chochote kati ya hivyo viwili, ainuke aende. Na wewe mwanawe, akikupigia simu usiku kwamba wamekuja kuchukua godoro, usimlipie lote kimya kimya. Lipa, kisha kaeni mchore ile kalenda, la sivyo mwakani mtakuwa pale pale.

Daftari la mama maandazi

Nichukue mfano mmoja, bei zikiwa za kukadiria, wewe weka za kwenu.

Mama anakanda kilo nne za unga, anapata maandazi 120, anauza 200 kila moja. Kichwani mwake hiyo ni 24,000 kwa siku. Tuandike sasa. Unga 7,600. Mafuta lita moja 6,000. Sukari kilo moja 3,000. Hamira 500. Kuni 2,000, ambazo mwanzoni aliniambia ni za bure kwa kuwa zinaletwa na mwanawe. Jumla 19,100, inabaki 4,900. Halafu yapo maandazi kumi na matano ambayo watoto wamekula asubuhi au jirani amechukua "nitakuletea". Hayo ni 3,000. Kimebaki 1,900, na yeye ameamka saa kumi usiku.

Mama huyo hakuhitaji mkopo. Alihitaji jiko la udongo linalokula kuni chache, kununua unga kwa mfuko wa kilo 25 pamoja na wenzake wawili, na kuwatengea watoto maandazi manne ya kuchangia badala ya kila mmoja kuchota anavyotaka. Ukimpa laki mbili bila daftari, ataongeza kilo za unga, naye ataongeza uchovu.

Daftari lenyewe liwe rahisi. Kurasa mbili zinazotazamana: zilizoingia kushoto, zilizotoka kulia, tarehe juu. Asiyeandika amtumie mtoto wa darasa la tano, kwa malipo, hata kama ni andazi. Pesa ya biashara ikae kwenye kopo lake au kwenye laini ya simu ya peke yake, isichanganyike na ya chumvi ya nyumbani. Mama ajilipe kiasi kinachojulikana kila Jumamosi, hata 5,000, ili akiitaka pesa ya matumizi asiende kuichota kwenye kopo.

Kukopesha sasa. Wengine hubandika ukutani "Kukopa harusi, kulipa matanga" wakadhani wamemaliza. Kijijini huwezi kumnyima shemeji, wala huwezi kumnyima mwalimu wa mwanao tarehe ishirini ya mwezi. Nilichowafundisha wengi, na ninachofanya mwenyewe dukani, ni kuweka mfuko wa madeni. Unaamua, tuseme 20,000. Ukishakopesha 20,000, mfuko umeisha. Anayekuja unamwonyesha daftari: "Shemeji, fungu la kukopesha limekwisha, akilipa yeyote hapa, wa kwanza ni wewe." Hapo mwenye lawama si wewe tena, ni wale wasiolipa, na shemeji mwenyewe ataanza kuwakumbusha.

Faida nyingine ya daftari haisemwi sana. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato. Mwenye mauzo kati ya milioni 4 na 7 akiwa hana kumbukumbu hutozwa 100,000. Akiwa na kumbukumbu hutozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Aliyeuza milioni 5 mwenye daftari analipa 30,000. Daftari linauzwa bei gani dukani kwangu? Halifiki hata huko.

Mzani, turubai na mashine

Ukiniuliza zawadi moja ya kuletea kikundi cha wauza mazao, nitasema mzani. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, lakini lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, bado inashonwa mchana kweupe, na mkulima asiye na mzani wake anabishana kwa macho. Kikundi chenye mzani hupima nyumbani, huandika kilo kwenye gunia kwa makapeni, na dalali akifika anakuta bei ya kilo ndiyo inayozungumzwa. Kule Kibaigwa, kwenye soko la mahindi, mzani si habari. Kijijini bado ni silaha.

Turubai lifuate. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu inayoletwa na ukungu, kwenye mahindi. Karanga nazo huipata, hasa zikikaa na unyevu. Anayeuza unga wa lishe au siagi ya karanga aanike juu ya turubai, si juu ya udongo, achambue punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye ukungu, wala asidhani kuzikaanga kunaua sumu hiyo. Hakuiui. Mteja mmoja mjini akiumwa, hakuna atakayekumbuka kwamba wenzako walianika vizuri.

Mashine ya kukamua alizeti ni ndoto ya kila kikundi, na mimi hupenda kuichelewesha. Kamueni kwanza kwenye mashine ya mtu mwingine. Pelekeni gunia moja mliloshapima, andikeni lita zilizotoka na kilo za mashudu (makapi yanayobaki baada ya kukamua), gharama ya kukamua na nauli. Mashudu msiyaache kwa mwenye mashine, kama wengi wanavyofanya. Wafuga kuku na ng'ombe wanayanunua. Rudieni na mbegu tofauti, maana mbegu ya kienyeji na chotara hazitoi sawa. Msimu mzima wa namna hiyo utawaambia kama mna alizeti ya kutosha kulisha mashine au mtakuwa na chuma kinachofanya kazi wiki sita kwa mwaka. Na kabla ya kununua ya umeme, ulizeni Tanesco. Ile 27,000 ya kuunganishiwa umeme wa REA, ule wa vijijini, ni ya njia moja, inawasha taa na friji. Mashine nyingi za kusaga na kukamua zinataka njia tatu, na bei yake ni nyingine.

Kuku nitawapitia upesi. Kinachoua biashara ya kuku wa kienyeji hapa ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Chanjo yake ya tone la jicho inarudiwa kila miezi mitatu. Mtafuteni kijana mmoja, afundishwe na afisa mifugo wa kata, apewe kiboksi cha barafu cha kutunzia chanjo, azunguke kaya kwa kaya akilipwa kwa kila kuku. Hapo mmepata biashara ya kijana na kuku wa kijiji kizima kwa mpigo mmoja.

Mjini ndiko waliko wateja

Dodoma ya leo si ile tuliyokuwa tunakwenda kununua viatu vya shule. Chuo kikuu kilifunguliwa 2007, serikali ikaanza kuhamia kwa kasi baada ya 2016, ikawa jiji 2018, na treni ya umeme kutoka Dar ilianza 2024. Hao wote wanakula. Wengi wao ni wageni ambao hawana shamba wala shangazi wa kuwaletea mlenda.

Wewe uliyeko huko, kazi yako kubwa zaidi ni kuwa macho na mdomo wa kijiji. Pita kwenye vibanda vya mama lishe karibu na Mtumba, Majengo, Sabasaba, soko la Job Ndugai, uulize nani anawaletea mlenda mkavu, karanga, mayai ya kienyeji, unga wa uwele, ubuyu, na kwa bei gani. Uliza wanalipa papo hapo au baada ya wiki. Kisha pata oda ndogo ambayo kijiji kinaweza kuitimiza kila wiki bila kukosa. Trei tano kila Jumatatu ni bora kuliko trei hamsini mara moja halafu kimya. Mteja wa mjini anasamehe bei, hasamehi kukosekana.

Mzigo upakiwe na mtu mmoja anayejulikana, upokelewe na mtu mmoja anayejulikana, na pesa irudi siku hiyo hiyo kwa simu, makato ya kutuma na kutoa yakiwa yameingizwa kwenye bei tangu mwanzo. Ukichelewesha malipo kwa sababu "mshahara haujaingia", umewafundisha akina mama kwamba mjini ni kwa matapeli.

Oda zikitulia ndipo ufikirie vifungashio, lebo na alama ya ubora. SIDO, shirika la viwanda vidogo, ambayo iko tangu 1973 na ina ofisi Dodoma, hufundisha usindikaji na hutoa barua ya utambulisho kwa mjasiriamali mdogo anayekwenda TBS, shirika la viwango. Siku hizi usalama wa chakula nao uko TBS, usipoteze nauli kuwatafuta TFDA, waliokuwa na kazi hiyo zamani. TIN, namba ya mlipa kodi, hutolewa bure na TRA. Anayedai "ya soda" ili akusaidie, mwache na kiu yake.

Sasa tunaweza kurudi kwenye cherehani, maana sikusema ni haramu. Ilete kama kuna fundi ambaye tayari ana wateja wanaosubiri foleni, kama kuna mtu wa kuitengeneza asiyezidi kata ya pili, na kama fundi atailipa kidogo kidogo kwenye kikundi, hata nusu bei tu. Lete na sindano za akiba, mkanda na mafuta yake. Cherehani nzima husimama kwa sindano ya shilingi mia chache, na kuifuata sindano hiyo mjini ni nauli kwenda na kurudi.

Ukija kuzunguka na daftari lako, njoo mwezi wa saba. Watu wako nyumbani, barabara ni kavu, na utaona pesa ikitembea. Ukiweza, Jumamosi pitia kwanza mnada wa Msalato ujue bei za mbuzi na kuku zilivyo, ndipo uje huku. Na unibebee kamba za kushonea magunia, hapa huwa zinaisha kabla ya alizeti.